Haki ya Mzee: Je, Kumlisha na Kumvisha Kwatosha?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba binaadamu katika udhaifu, akampa nguvu baada ya udhaifu, kisha baada ya nguvu akamrejesha kwenye udhaifu na mvi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyewahurumia wadogo na kuwatukuza wakubwa, na ziwafikie jamaa zake, masahaba zake na kila aliyeshika njia yao kwa wema.

Ama baad. Hakuna Muislamu asiyejua kwamba kuwatendea wema wazazi ni faradhi, na kwamba Mwenyezi Mungu ameitaja faradhi hiyo pamoja na kumpwekesha Yeye. Wala si nyumba nyingi, kwa neema Yake, zinazomwacha mzee wao na njaa. Lakini wema una sehemu mbili: iko inayoonekana kwa macho, na iko inayojulikana na moyo wa mwenye kutendewa. Sehemu ya pili ndiyo inayosahauliwa, na husahauliwa zaidi na wale wanaodhani wamekwishatimiza kila kitu.

Suala lenyewe

Na ichukuliwe mfano wa mama mmoja mtu mzima, mfano ambao hupatikana katika nyumba nyingi ijapokuwa miji hutofautiana. Mumewe amefariki. Mwanawe aliyehamia Johannesburg, Afrika Kusini, amemchukua kutoka Unguja akakae naye mtaa wa Mayfair, mahali penye misikiti na maduka ya Waislamu. Chumba chake anacho. Blanketi zito la baridi ya mwezi wa Juni analo. Dawa za sukari na za shindikizo la damu hazimwishii, na mkwewe humpikia chakula laini kisichomdhuru.

Akipelekwa kwa daktari, daktari humuuliza mama, na mwana ndiye anayejibu. Mjukuu wake alipokuja kuposwa, wageni walikaribishwa, jibu likatolewa na mahari yakatajwa, na yeye yuko chumbani, mlango wa pili. Hakuambiwa mpaka siku ya tatu. Nyumba yake ya Unguja ikapangishwa kwa watu asiowajua, na khabari akaipata kwa jirani aliyempigia simu kumsalimia. Alipouliza, alijibiwa kwa upole: "Mama, wewe pumzika tu. Mambo hayo tuachie sisi." Mama akanyamaza, na mwana akadhani kuwa ameridhika.

Je, mwana huyu amemtendea mama yake wema, au amemdhulumu?

Jibu la haraka ni kwamba amemtendea wema, kwani mwenye kuhesabu ataona nyumba, chakula, dawa na maneno ya upole. Lakini aulizwe mama mwenyewe, wakati ambapo mwanawe hayupo. Hatalalamika juu ya chakula. Atasema, kama wasemavyo wazee wengi wakipata mtu wa kuwasikiliza, kwamba yeye sasa ni kama mzigo uliowekwa ghalani: haunyeshewi mvua, hauibiwi, wala hakuna anayeuuliza neno. Mzee hauogopi sana udhaifu wa magoti yake, kwani huo aliuona kwa wazazi wake na akajua kuwa zamu yake itafika. Anachokiogopa ni kugeuzwa kitu hali ya kuwa yeye ni mtu. Na mara nyingi akinyamaza, hunyamaza kwa kukhofu kuwa akisema ataonekana msumbufu, na msumbufu huchokwa.

Kwa hiyo jibu la sawa ni kwamba mwana huyu ameutimizia mwili wa mama yake haki yake, na daraja yake ameinyima.

Mji uliowapima watu kwa kazi zao

Huko huko Johannesburg, anapoishi mama huyu, kuna khabari inayoonyesha ubaya wa jambo hili pale linapofikia ukomo wake. Mji huo ulianzishwa mwaka 1886 baada ya kugunduliwa dhahabu, na machimbo yake yakavuta vijana kutoka pande zote za kusini mwa Afrika. Kijana alitakiwa kwa ajili ya mikono yake. Alilala katika mabweni ya wanaume peke yao, mke na watoto wakabaki kijijini, naye akashuka chini ya ardhi mwaka baada ya mwaka mpaka kifua kikajaa vumbi la mawe.

Serikali ya nchi hiyo ilipotunga sheria ya pensheni ya wazee mwaka 1928, Waafrika na Wahindi waliachwa nje. Walipoingizwa mwaka 1944, walipewa kiasi kidogo kuliko wenzao weupe, na tafauti hiyo haikuondolewa kabisa mpaka mwaka 1993. Na baina ya miaka hiyo kulitokea jambo zito zaidi. Mwaka 1967 wizara iliyosimamia mambo ya Waafrika ilitoa waraka ulioeleza ni nani waondoshwe mijini na kupelekwa katika maeneo yaliyotengewa makabila yao. Miongoni mwao walitajwa wazee, wasiojiweza, wajane na wanawake wenye watoto wa kulea, nao wote wakawekwa katika fungu moja la watu wasiozalisha.

Mtu aliyeutumikia mji ule kwa miaka 30 na mikono yake ikijenga majumba yake, siku mikono ilipotetemeka aliambiwa kuwa mji haumtaki tena. Kila mwenye moyo huona kuwa hiyo ni dhulma. Lakini haifai msomaji aishangae dhulma ya watu wengine akaiacha asili yake. Asili yake ni fikra moja: kwamba thamani ya mtu ni kazi anayoweza kuifanya leo. Fikra hiyo haihitaji serikali wala waraka. Huweza kukaa katika nyumba yenye msala na msahafu, ikavaa nguo ya huruma, ikasema kwa sauti laini: "Wewe pumzika tu."

Uislamu uliikata fikra hii tangu mwanzo. Imepokewa kwamba Umar bin Khattab (R.A.) alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba milangoni, akamuuliza kilichomfikisha hapo. Mzee akataja jizya, haja na umri. Umar akamshika mkono akaenda naye nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunzaji wa Baitul-mali amwangalie yeye na wenziwe, na akamwondolea jizya. Hoja yake ilikuwa kwamba si uadilifu watu waule ujana wa mtu kisha wamtupe uzeeni. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya asiyekuwa Muislamu juu ya dola, haki ya mama juu ya tumbo lililotoka kwake iko wapi?

Mzigo uliogeuka nguzo

Yaliyofuata Afrika Kusini yana mazingatio mengine. Pensheni zilipolinganishwa, na maradhi ya Ukimwi yalipowachukua wanaume na wanawake wa makamo, nyumba nyingi za Soweto na vitongoji vingine vya Johannesburg zilibaki na bibi na wajukuu. Bibi aliyekuwa amehesabiwa kuwa hazalishi ndiye aliyelipa ada ya skuli, akanunua unga, akaosha wagonjwa na akazika. Posho ya mtu mmoja iligawiwa kwa vinywa vya watu wengi.

Mtu ataweza kusema kwamba heshima ya wazee hao ilirudi. Katika nyumba nyingi ilirudi kweli. Lakini katika nyumba nyingine ilirudi heshima ya fedha, na mzee hakuwa na sehemu ndani yake. Wako waliosindikizwa kwa mapenzi makubwa siku ya malipo, na siku ya pili hawakupewa hata salamu. Ndiyo maana sheria ya wazee ya nchi hiyo ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika mwaka 2010, imehesabu kuwa miongoni mwa maovu anayotendewa mzee ni kunyang'anywa au kutumiliwa mali yake, pamoja na kupigwa na kutukanwa.

Basi pande zote mbili ni kosa moja. Aliyemdharau mzee kwa kuwa hana faida, na aliyemtukuza kwa kuwa ana faida, wote wamempima kwa mizani ya soko.

Na katika mji huo huo umeonekana mfano wa mzee aliyeachiwa khiyari yake. Nelson Mandela, akiwa na umri wa miaka 85, alitangaza mwaka 2004 kwamba anajitenga na shughuli za hadhara, na akawaambia watu kwa mzaha kwamba wasimwite, yeye ndiye atakayewaita. Miaka mitatu baadaye, siku alipotimiza miaka 89, aliwakusanya Johannesburg wazee wenzake kutoka nchi mbali mbali ili watoe shauri lao katika migogoro ya dunia. Alipumzika kwa kutaka kwake, na alirudi kwa kutaka kwake. Kazi inaweza kuwa nyepesi au isiwepo kabisa, na mzee asidhurike. Linalomdhuru ni kupumzishwa na mtu mwingine bila ya kuulizwa.

Mafundisho ya Qur'ani na Sunna

Mwenye kuisoma Qur'ani kwa mazingatio ataona kuwa jambo hili halikuachwa. Katika Suratul Israa Mwenyezi Mungu amekataza mtoto kumtolea mzazi aliyefikiwa na uzee hata mguno mdogo wa kuchoka, na akaamrisha maneno ya heshima. Wanavyuoni wamefahamisha kwamba kinapokatazwa kidogo, kikubwa kimekatazwa zaidi. Na kumwondolea mtu neno lake katika mambo yake ni kukubwa kuliko mguno.

Katika Suratu Yusuf imo khabari ya Nabii Yaaqub (A.S.). Alikuwa mzee, na huzuni ilikuwa imemchukua macho. Msafara ulipoondoka Misri na kanzu ya Yusuf, yeye aliihisi harufu ya mwanawe, lakini kabla ya kuitaja akatanguliza khofu yake kuwa watu watamwona amepungukiwa na akili. Na ndivyo ilivyokuwa: waliokuwa karibu naye wakamwambia kwamba bado yumo katika upotofu wake wa zamani. Kisha mleta bishara akafika, na ikadhihiri kwamba kipofu yule aliona wasichokiona wenye macho. Khofu aliyoitaja Nabii huyu ndiyo khofu ya kila mzee anayeanza kusema, akawatazama wanawe, akalimeza neno lake.

Katika Suratul Qasas imo khabari ya mabinti wawili wa Madyan. Baba yao alikuwa mzee sana, hana nguvu ya kunywesha wanyama, nao wakatoka kuifanya kazi hiyo badala yake. Lakini walipomwona Musa (A.S.) na mmoja wao akaona kuwa afaa kuajiriwa, hakumwajiri. Alirudi kwa baba yake akatoa shauri, na baba ndiye aliyezungumza na Musa, akapanga muda na masharti. Mabinti wale walibeba ndoo, na uamuzi wakauacha kwa mwenyewe.

Na siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, Abu Bakar (R.A.) alimleta kwa Mtume (S.A.W.) baba yake, Abu Quhafa, mzee kipofu aliyejaa mvi, naye wakati huo hakuwa amesilimu bado. Mtume (S.A.W.) akamuuliza Abu Bakar kwa nini hakumwacha mzee nyumbani kwake ili yeye mwenyewe amwendee. Huyo ndiye kiumbe mbora, katika siku ya ushindi mkubwa wa maisha yake, akiona kuwa ni juu yake kwenda kwa mzee.

Maimamu wawili wa Oman

Watu wa Oman wanayo katika tarekhe yao dalili iliyo wazi kuliko mifano mingi. Imamu Abdul Malik bin Humaid alishika uimamu mwaka 208 wa Hijra. Alipozeeka alidhoofika mpaka hakuweza kuyasimamia mambo, na fujo zikaanza kutokea katika jeshi lake. Waislamu wakamtaka shauri Sheikh Musa bin Ali, mwanachuoni mkubwa wa zama zile, juu ya kumwondoa Imamu huyo.

Sheikh hakuwashauri kumwondoa. Aliwaelekeza wahudhurie kwenye jeshi wenyewe na waisimamishe dola, na yeye akawa pamoja nao, akazuia batili na kuikaza nidhamu. Imamu Abdul Malik alikuwa nyumbani kwake, hawakumuuzulu, mpaka alipofariki mwaka 226, naye bado ni Imamu wao. Kazi ilifanywa na wenye nguvu, na jina na daraja vikabaki kwa mwenyewe. Maslaha ya umma hayakupotea, wala haki ya mzee haikuvunjwa.

Akaja baada yake Imamu Muhanna bin Jaifar, naye pia umri ukamwelemea. Watu wakamwendea tena Sheikh Musa. Sheikh akaenda kwa Imamu, akawa anamuuliza hali yake na kumtazama. Imamu akafahamu mara moja makusudio ya ziara ile. Akamwambia Sheikh kwamba akiwatii watu katika wanayoyataka, basi hakuna imamu atakayedumu kwao hata mwaka mmoja, na akamwamrisha arejee alikotoka. Sheikh akarejea, na Muhanna akabaki Imamu mpaka kufa kwake mwaka 237.

Mazingatio ya kisa hiki ni kwamba mzee hujua. Hujua anapotembelewa kwa mapenzi, na hujua anapotembelewa kukaguliwa. Anayedhani kuwa mama yake hakufahamu kwa nini mazungumzo yalikatika alipoingia sebuleni, huyo ndiye asiyefahamu.

Na akili ikipungua?

Huenda mtu akapinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema: wako wazee waliosahau majina ya watoto wao, wako watakaotoa mali yao yote kwa mlaghai wa kwanza atakayebisha hodi. Je, hao nao waachiwe mambo yao?

Sharia haikuupamba uzee kwa yasiyokuwemo. Qur'ani imeutaja umri dhalili ambao mtu hafahamu baada ya kuwa alifahamu, na Mtume (S.A.W.) akiomba kinga kwa Mwenyezi Mungu asirejeshwe huko. Aliyeondokewa na akili huwekewa msimamizi, na mali yake huhifadhiwa. Lakini hilo ni jambo la kuthibitishwa, halikisiwi. Kusahau ufunguo, kurudia kisa kimoja mara tatu, kusikia kwa tabu, kutojua lugha ya daktari, hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoitwa kuondokewa na akili. Asili ya mtu mzima ni kuwa mali yake ni yake na neno lake ni lake, mpaka ithibitike vingine.

Wala kumheshimu mzee si kumtii katika kila jambo. Mzazi akiamrisha maasia hatiiwi, na akikosea huelezwa. Ibrahim (A.S.) alimpinga baba yake katika jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni ibada ya masanamu, na katika mazungumzo yale alimwita kwa wito wa baba mara nne. Ukweli haukumzuia adabu, wala adabu haikumzuia ukweli.

Kwa hivyo katika mfano wa mama wa Mayfair kuna hukumu mbili. Nyumba ya Unguja ni milki yake, na kupangishwa bila ya idhini yake ni kuiingilia haki ya mtu. Upole wa maneno hauihalalishi. Posa ya mjukuu haikuhitaji idhini yake, kwani walii ni baba. Lakini kumficha bibi furaha ya nyumba yake mwenyewe ni kukosa adabu, na aliyeificha amejinyima dua yake.

Khatima

Familia nyingi za Waswahili waishio Maskati, Dubai na kwingineko katika Ghuba zimo katika hali hii bila ya kujijua. Wako wenye wazazi Unguja, Pemba au Mombasa, ambao kila mwezi hupeleka fedha, na simu yao haina swali ila moja: "Zimefika?" Wako walio na mzee nyumbani, lakini wajukuu husema Kiarabu na Kiingereza tu, naye hukaa baina yao kama mgeni anayesubiri mkalimani, na anayemjua zaidi ni mtumishi wa nyumba. Hao wote wamelisha na wamevisha, na wana thawabu ya hilo Mwenyezi Mungu akipenda. Lakini bado wanadaiwa.

Deni lenyewe halihitaji mali. Mwana na amwache mama ajibu mwenyewe mbele ya daktari, kisha atafsiri yale yaliyosemwa. Na amuulize kabla ya kuamua, wala si baada. Na amtake shauri kwa kweli, katika jambo ambalo hajaliamua bado, kwani mzee hutambua shauri la kupumbazwa. Wajukuu na wafundishwe lugha yake, ili aweze kuwausia. Na likiwapo jambo linalobidi kufanywa na mwenye nguvu, na lifanywe kama alivyofanya Musa bin Ali: kazi ichukuliwe, daraja iachwe.

Kila anayesoma maneno haya, Mwenyezi Mungu akimpa umri, atakaa siku moja katika chumba cha pili na kusikia sauti za wageni sebuleni. Na watoto wake, ambao leo wanamtazama anavyomfanyia mzazi wake, ndio watakaoamua kama mlango wake utagongwa.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu walio hai na waliotangulia, utukinge na umri dhalili, na utujaalie tuwe wenye kuwajua wakubwa wetu kabla hatujawakosa. Amin.